Zamrock kwenye santuri mpya: kwa nini nakala chakavu ya 1975 inapiga kuliko toleo jipya la gramu 180?

#1 Sindano_Butu
Wakuu salama. Naleta hoja, mnipinge kwa data.

Hizi albamu za Zamrock, yaani roki nzito ya Zambia ya miaka ya 70, zilizozikwa miaka mingi na sasa zinatolewa upya kwa santuri: WITCH, Amanaz, Ngozi Family na wenzao. Kuna matoleo halali, kuna ya wizi, sitaji lebo ya mtu. Ninachosema ni kwamba mengi ukiyaweka kando ya nakala ya zamani, hata ile yenye mikwaruzo, jipya linasikika limepooza. Fazi ya gitaa (ule mchaniko wa makusudi) haichani tena, matoazi yamefunikwa blanketi, ngoma haipigi kifuani.

Msimamo wangu: bila tepu kuu, ile ya studio ambayo sahani ya kwanza ilikatwa kutoka kwake, hakuna toleo jipya, kuna nakala ya nakala tu. Karibuni.

#2 KandaMoja
Kwanza tuambie umelinganisha nini na nini. Chukua "Africa" ya Amanaz ya 1975. Ile ina miksi mbili, moja kavu na moja iliyomwagiwa mwangwi. Lebo ya Now-Again walipoitoa upya waliweka zote mbili. Mtu mwenye nakala ya zamani ya miksi moja akiiweka kando ya miksi nyingine, lazima aseme kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, anasikiliza kazi mbili tofauti.

#3 Sindano_Butu
Hilo la Amanaz nalikubali. Lakini "Lazy Bones!!" ya WITCH je? Na mambo ya Paul Ngozi wa Ngozi Family?

#4 fundi_ampu
Tepu kuwepo hakukuokoi. Tepu nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 70 zilitumia gundi ya poliyurethini kushikilia unga wa sumaku. Gundi ile inanyonya unyevu wa hewa, inavunjika, inakuwa nata. Ampex 406 na 456 na Scotch 226 ndizo maarufu kwa ugonjwa huu. Ukiicheza hivyo hivyo, tepu inalia kwenye vichwa vya mashine, inaacha tope la kahawia, na lile tope ndilo muziki wenyewe. Vichwa vikishachafuka, tepu inainuka kidogo tu kutoka kwenye kichwa, na sauti za juu ndizo za kwanza kuondoka. Mtu asipofuta vichwa kila baada ya wimbo, wimbo wa kwanza unatoka safi na wa tano umevaa blanketi.

Hapo ndipo pa kuanzia kutafuta matoazi yako, mkuu #1.

#5 Mzee_wa_Riili
Dawa ipo, tepu inaokwa. Nyuzi 80 kwa saa nne, unaipakua, unanakili. Kazi imekwisha.

#6 fundi_ampu
Mzee_wa_Riili, usipoteze watu. Nyuzi 80 inakunja riili ya plastiki na kuharibu tepu yenyewe. Kiwango kinachotumika ni nyuzi 54 za Selsiasi, saa nane au zaidi kwa tepu ya robo inchi, unaigeuza katikati, kisha unaiacha ipoe taratibu kwa muda unaokaribia ule ule. Masharti:

- Oveni ya jikoni usitumie. Kidhibiti chake kinapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ya gesi ni mbaya zaidi, gesi ikiungua inatoa mvuke, na wewe unapigana na unyevu.
- Kikaushio cha matunda chenye feni kinafaa, ila weka kipimajoto cha pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe.
- Tepu ya asetati usiioke kabisa. Iangalie kwenye mwanga: ikipitisha mwanga kupitia rundo lake ni asetati, hiyo tiba yake ni nyingine. Ikinuka siki, wahi kuinakili.
- Ikishaokwa una wiki chache, kisha unata unarudi. Kwa hiyo mashine iwe tayari kabla ya kuwasha moto.

#7 chapa_ilale
Mzee_wa_Riili anaoka mandazi, msameheni 😂

#8 Mzee_wa_Riili
Endeleeni kucheka. Nyuzi 54 nimepokea, asante fundi.

#9 Masafa
Fundi ameeleza gundi, ila kuna kosa dogo linalofanana na "kupooza" na halihusiani na uchakavu. Tepu za inchi 15 kwa sekunde zina kanuni mbili za usawazishaji, yaani namna ya kupandisha na kushusha sauti za juu na besi wakati wa kurekodi na kucheza: NAB ya Wamarekani na IEC ya Ulaya. Kwa NAB sauti za juu zinahesabiwa kwa mikrosekunde 50, kwa IEC ni 35. Tofauti yake huko juu inafika kama desibeli 3. Chini pia NAB inaongeza besi wakati wa kurekodi, chini ya hezi 50 hivi, na IEC haiongezi.

Sasa fikiria. Tepu ya NAB ukiicheza kwenye mashine iliyowekwa IEC: juu inashuka desibeli 3, besi inavimba. Ndiyo blanketi la mkuu #1 hilo. Kinyume chake, tepu ya IEC kwenye mashine ya NAB: besi inakonda, matoazi yanachoma sikio. Studio zilizofuata Uingereza zilielekea IEC, lakini mashine zilinunuliwa popote zilipopatikana, kwa hiyo bila toni za majaribio mwanzoni mwa tepu unabahatisha. Studio makini iliacha toni ya hezi 1,000, ya 10,000 na ya 100. Watu walikuwa wakizikata wakidhani ni uchafu.

#10 KandaMoja
Na pembe ya kichwa pia. Toni ya 10,000 ndiyo inayokusaidia kulinganisha pembe ya kichwa cha kuchezea na ile ya kurekodia. Pembe ikipotoka, chaneli mbili zinapishana kidogo sana kwa wakati, na ukizijumlisha kuwa mono juu inafutika. Bila toni, unasikiliza matoazi kwa mono na kugeuza skrubu polepole hadi yawe makali kuliko yote. Inafanyika kwa kila tepu, na wakati mwingine kwa kila wimbo, maana nyimbo za albamu moja zinaweza kutoka kwenye mashine tofauti zikaunganishwa kwa wembe.

#11 Mfereji
Mnaongea kama tepu zipo. Kwa albamu nyingi za enzi ile tepu hazipo, au zilifutwa zikarekodiwa juu yake. Bei ya shaba ilipoanguka miaka ya 70, uchumi wa Zambia ukayumba na biashara ya santuri ikaporomoka nao. Kinachobaki ni sahani. Na hapa simuungi mkono #1: sahani ikinakiliwa vizuri inaishinda tepu iliyooza.

Namna inavyofanyika:

Unatafuta nakala mbili au tatu, si moja. Nakala iliyochezwa sana na sindano ya duara ya mikroni 18 imeliwa kwenye sehemu moja ya ukuta wa mfereji. Ukitumia sindano yenye ncha ya umbo jingine inagusa juu au chini ya pale palipoliwa, na unaweza kukuta ukuta mzima bado. Mafundi wanakuwa na sindano tatu nne na kujaribu kila moja kwa sekunde 30 za wimbo wenye kelele zaidi, si ule mtulivu.

Kuosha: maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone la sabuni isiyo na manukato, kisha kufyonza. Santuri iliyokaa bila mfuko wa ndani ina vumbi lililokandamizwa na sindano hadi chini, osho moja halitoshi.

Tundu la katikati: nyingi zimetobolewa nje ya kitovu. Santuri ya 33⅓ inazunguka mara moja kwa sekunde 1.8, na sauti inayumba kwa mwendo huo huo. Unapanua tundu kidogo kwa kekee ya mkono, unaweka sindano kwenye mfereji wa mwisho na kusogeza sahani hadi mkono uache kucheza kulia na kushoto. Hakuna programu inayorekebisha hili vizuri kama dakika tano za kusogeza sahani.

Kisha unarekodi kwa biti 24, kilohezi 96, bila kugusa chochote.

#12 chapa_ilale
Halafu unawasha programu ya kuondoa mikwaruzo na kwenda kunywa chai.

#13 Mfereji
Hapo ndipo roki nzito inapouawa. Programu inatafuta mruko wa ghafla kwenye mawimbi. Mpigo wa fimbo kwenye ngoma ya snea ni mruko wa ghafla. Fazi ya gitaa ndiyo mbaya zaidi: fazi inakata wimbi juu na chini hadi linakuwa karibu mraba, yaani kona kali mamia kwa sekunde. Mashine haijui ipi ni kona ya gitaa na ipi ni mkwaruzo, inazilainisha zote. Ukisikiliza kile ilichokiondoa peke yake (programu nyingi zina kitufe hicho), ukisikia ngoma humo ndani, umeshaharibu. Mikwaruzo mikubwa iondolewe mmoja mmoja kwa mkono, na midogo iachwe.

Sindano_Butu, unaposema "fazi haichani", mimi naanza kushuku hapa kabla ya tepu.

#14 otieno_wa_sahani
Wasee, mnatafuta mchawi mbali. Pima urefu wa upande. Albamu ya zamani ilikuwa dakika 17 au 18 kila upande. Toleo jipya linaongezwa nyimbo mbili za singo kama zawadi, upande unafika 25. Mifereji lazima isogeleane, na mfereji wa sauti kubwa unataka nafasi. Mkataji (fundi anayechonga mifereji kwenye bamba la kwanza) anashusha kiwango desibeli 3 au 4, au anapunguza besi, au vyote. Hiyo "haipigi kifuani" ni nafasi tu imeisha.

Alafu mwisho wa upande. Ukingoni sindano inasafiri kama sentimita 51 kwa sekunde, karibu na lebo ni kama 21. Mawimbi yale yale yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, kwa hivyo juu inapotea na kukwaruza kunaongezeka. Ukiongeza wimbo wa zawadi wenye gitaa zito mwishoni kabisa, umeuweka mahali pabaya kuliko pote kwenye sahani. Zawadi ziwekwe kwa sahani ya pili, au singo ya inchi 7.

#15 Masafa
Naongezea kwa Otieno: kichwa cha kukatia kina kinga. Sauti za juu zikizidi nguvu koili inapata moto na kuungua, kwa hiyo kuna kifaa kinachobana juu kila gitaa na matoazi yanapolipuka pamoja. Faili likifika limeshashindiliwa (sauti ndogo zimepandishwa karibu sawa na kubwa) kwa kiwango cha sidii, kinga inafanya kazi muda wote. Mpeleke mkataji faili lisiloshindiliwa, na besi ya chini ya hezi 150 iwe katikati. Besi ikiwa imepishana kati ya kushoto na kulia, sindano inarushwa juu na chini badala ya pembeni, na mteja atakuambia sahani inaruka.

#16 Sindano_Butu
Hizo gramu 180 je? Zinauzwa kama ndiyo ubora wenyewe.

#17 otieno_wa_sahani
Uzito haubadilishi kina cha mfereji hata kidogo. Ni plastiki zaidi chini yake. Inakaa tambarare vizuri, basi. Posta ndio inafurahia.

#18 KandaMoja
Mimi nashuku bamba la kukatia. Kuna laka na kuna DMM. Laka inakatwa kwenye alumini iliyopakwa laka laini, na ikikaa muda kabla ya kupakwa fedha na nikeli, mfereji unaanza kurudi nyuma, unapata mwangwi unaotangulia wimbo. DMM inakata moja kwa moja kwenye shaba, hatua ya fedha haipo. Wengi wanasema DMM ina juu kali na kifua chembamba. Tangu kiwanda cha Apollo Masters cha California kilipoungua Februari 2020, laka za dunia nzima zinategemea karibu kampuni ya MDC ya Japani peke yake, hivyo kazi nyingi za nakala 300 au 500 zinaishia kwenye DMM.

#19 Masafa
Lakini hapo umejibu kinyume, mkuu. Mtoa mada analalamika juu imefunikwa. DMM ingekuwa na kosa, lingekuwa la juu kuzidi.

#20 KandaMoja
Nimezungumzia kifua chembamba. Malalamiko yake ni mawili.

#21 chapa_ilale
Wakati mnabishana, rapa wa Marekani Tyler, The Creator ameshachukua "Nizakupanga Ngozi" ya Ngozi Family akaitia kwenye "Noid" ya 2024 na dunia nzima inaitikia. Hakuna aliyeuliza NAB wala IEC.

#22 Mama_Jalada
Na kwa wizi ule wa zamani hakuna aliyeuliza haki pia. Kwa anayefikiria kutoa kitu chake: haki ni mbili. Ya rekodi, na ya utunzi. Kwa Kenya rekodi inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ya 1975 ulinzi wake uliisha mwisho wa 2025.

#23 Mwanasheria_wa_Mtaa
Msije mkakimbilia kiwandani na hilo. Utunzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake. Paul Ngozi alifariki 1989, kwa hiyo nyimbo zake zipo chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2039 kwa hesabu hiyo. Ulaya wanahesabu 70 kote kote, ingawa kwa rekodi za nje kuna kifungu cha kulinganisha na nchi ilikotoka. Kwa WITCH, wengi wa kikosi cha zamani wameshafariki na mwimbaji Jagari Chanda ndiye aliyebaki kusimulia, maana yake kwa kila aliyeondoka unatafuta warithi wenye barua ya mirathi, si mtu anayesema tu "mimi ni mpwa". Mkataba utaje: santuri tu au na mitandaoni, nakala ngapi, miaka mingapi, na nani anabaki na faili.

#24 Mama_Jalada
Sawa kabisa, nilikuwa nazungumzia rekodi tu. Na jalada nalo lina mchoraji wake. Jalada la zamani limechapwa kwa vidoti, ukiliskani vibaya vidoti vinagongana na kutengeneza mawimbi ya ajabu kwenye uso wa msanii. Skani nukta 600 kwa inchi au zaidi, lainisha vidoti kwanza, ndipo upunguze ukubwa. Acha milimita 3 za kukatwa kila ukingo. Watu wanatumia miezi kwenye sauti na kuchapa jalada kutoka picha ya simu.

#25 Mzee_wa_Riili
Nyumbani nako je? Tepu za Radio Tanzania ziko Dar, bendi zetu zilirekodi RTD na santuri zikafyatuliwa Kenya. Nani anaoka zile?

#26 fundi_ampu
Mzee, anzisha uzi mwingine, ule ni mkubwa kuliko huu. Kwa kifupi: usiguse chochote kabla ya kujua aina ya tepu. Nyingi za redio huenda hazihitaji moto kabisa. AGFA PEM 468 kwa mfano haina kawaida ya kunata.

#27 Sindano_Butu
Nashukuru wote. Kuna jambo sikulisema mwanzoni: matoleo mengine yapo juu kidogo kwa kasi. Sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba, gitaa halikubaliani na la kwangu. Kama nusu ya nusu toni. Hii ni tepu au sahani?

#28 Mfereji
Linapimika. Umeme wa Zambia na Kenya ni hezi 50, na amplifaya za enzi ile zilivuma. Chukua faili, kuza sehemu tulivu, tazama mstari wa mvumo kwenye picha ya masafa ya sauti. Ukisoma 50 kamili, kasi ni sahihi. Ukisoma 51.5, imechezwa haraka kwa asilimia 3, yaani karibu nusu ya nusu toni yako. Unairudisha kwa hesabu hiyo.

#29 Masafa
Njia nzuri ila ina mitego miwili. Kwanza, mvumo huenda ni wa mashine iliyotumika kunakili leo. Huo utakuwa 50 kamili Ulaya au 60 Marekani, na hauambii kitu kuhusu 1975. Pili, umeme wa wakati ule haukuwa 50 kamili kila saa. Studio ikiwa kwenye jenereta ndiyo kabisa.

#30 Mfereji
La kwanza linatatulika: mvumo wa studio unakatika pale wimbo unapokatwa kwa wembe, wa leo unaendelea hadi kwenye ukimya kati ya nyimbo. La pili sikatai, lakini jenereta inayokimbia asilimia 3 zaidi albamu nzima bila kuyumba?

#31 KandaMoja
Au mashine ya kurekodi ndiyo iliyokuwa inakwenda polepole, na sahani ya zamani ikabeba kosa lile lile. Basi jipya ndilo limerudia kosa, halikulianzisha. Au bendi ilitaka hivyo. Kupandisha kasi kidogo ili wimbo uchangamke ni ujanja wa kila studio.

#32 otieno_wa_sahani
Au mashine yake ya nyumbani inakimbia. Puli ya motor siyo yake, au kasi haijarekebishwa. Sindano, pima kasi yako kwanza na kadi ya mistari chini ya taa kabla hujashtaki mtu.

Na ulinganishe kwa sauti sawa. Ya zamani ikiwa juu desibeli 2 tu, sikio litaichagua hata ukiambiwa usiichague.

#33 Sindano_Butu
Mashine inashika mistari, imesimama tuli. Zote mbili zinachezwa hapo hapo, na mpya peke yake ndiyo iko juu. Sauti sawa nitajaribu.

#34 fundi_ampu
Kwa wanaotaka kufyatua kitu chao, jambo moja ambalo halijasemwa: nakala za majaribio. Kiwanda kinatuma tano hadi kumi. Usisikilize moja ukasaini. Cheza angalau tatu, pande zote, hadi mwisho. Mkwaruzo ukiwa mahali pale pale kwenye zote, upo kwenye stempa (bamba la chuma linalofyatua sahani) au kwenye kukata, rudisha. Ukiwa kwenye moja tu ni ya ufyatuaji. Sauti ya kuchanika kama zipu upande mmoja ni plastiki haikujaza mfereji: joto dogo au mzunguko umeharakishwa. Kwa nakala 300 watakupa njia fupi, baba (nakala ya kwanza ya chuma ya bamba lililokatwa) anageuzwa kuwa stempa moja kwa moja bila mama (nakala ya baba ambayo stempa nyingine zingetolewa kwake). Ni nafuu, lakini stempa ikipasuka unalipa kukata upya. Stempa moja inahesabiwa kama nakala elfu moja hivi, baada ya hapo juu inaanza kufifia.

#35 KandaMoja
Ambayo nayo ni sababu nyingine ya blanketi. Nakala ya 950 siyo nakala ya 20.

#36 Mfereji
Sindano_Butu, weka hapa sekunde 30 za wimbo mmoja kutoka kila sahani, na sekunde 10 za ukimya kati ya nyimbo. WAV, siyo MP3. Na usome maandishi yaliyokwaruzwa karibu na lebo kwenye zote mbili, herufi zote hata zilizofutwa.

#37 Sindano_Butu
Kesho jioni. Umeme umekatika.